Breki za Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amesema presha yangu haitaki nifoke. Hakusema lolote kuhusu kuandika, kwa hiyo nimenunua daftari, na wa kwanza kuingia humu ni mdogo wangu, maana presha yenyewe ni yake, mimi nimebebeshwa tu.

Mvua imeanza leo, na ujinga nao haukutaka kubaki nyuma. Nimefika kazini nikamkuta uani, koti la suti begani, anamwelekeza mchora mabango aandike ubavuni mwa gari kwa rangi nyekundu: DISKI MAGURUDUMU YOTE MANNE. Gari lenyewe ni dogo, mtu mwenye miguu mirefu akikaa nyuma magoti yanamgusa kidevu. Ndilo gari pekee la shule yetu ya udereva. Shule ni ya mdogo wangu, na amejichapishia kadi zinazosema "Mkurugenzi Mkuu", ingawa chini ya ukuu huo kuna mimi mwalimu, na paka. Tangu siku ya kadi namwita Mkurugenzi. Anadhani namheshimu.

Gari la namna hii hutoka kiwandani likiwa na breki za diski mbele na breki za dramu nyuma. Sasa Mkurugenzi amekutana na mtu harusini akamwambia magari ya wakubwa yana diski pande zote. Basi Jumamosi, mimi nikiwa kliniki, alimpelekea Fundi wetu wa gereji gari, dramu zikang'olewa, zikafungwa diski za gari kubwa lililogonga mti. Nimemuuliza Fundi kebo ya hendibreki ameifunga wapi. Ameangalia juu kama anakagua mawingu, akasema ataiweka sawa wiki ijayo.

Sikufoka. Nimeandika.

Jumatano, 6 Machi

Nimeletewa mwanafunzi aliyekwisha kuanguka mtihani mara mbili kwenye shule nyingine. Ni mkunga wa hospitali, mwanamke wa makamo, mpana, mpole mpaka anaudhi. Mkurugenzi amempokea kwa maneno yake yote, akamzungusha kando ya gari kama anamwonyesha nyumba ya kununua, akamwambia hapa atafaulu kwa sababu ya diski.

Mkunga ana haraka yake. Hospitali ina gari la kwenda kuwaona wajawazito wa ng'ambo ya mlima. Aliyekuwa akiliendesha amestaafu. Mkunga amepewa mpaka mwisho wa Aprili awe na leseni. Akikosa, gari litahamishiwa kwingine, na wanawake wa ng'ambo watarudi kuuvuka mlima kwa miguu, na matumbo yao. Aliniambia haya kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi kwa kunichosha.

Nikamwambia sawa mama, tuwashe gari. Lo! Mguu wake hautoki kwenye breki. Anaongeza mafuta huku ameegemea breki, anapinda huku ameegemea breki, gari linakwenda kama limekatazwa kwenda. Nikajisemea moyoni, huyu anaanguka mara ya tatu, na mimi nitakuwemo garini.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Mkunga ameegemea breki kutoka sokoni mpaka shuleni. Nimemeza dawa kabla ya saa yake ya somo.

Jumanne, 12 Machi

Leo Mkunga ameuliza swali, na sikutegemea. Tulikuwa tumejikinga mvua chini ya kibaraza cha ofisi. Akauliza kama diski ni bora kiasi hicho, kwa nini waliolitengeneza gari waliweka dramu nyuma. Mkurugenzi akarukia jibu: ubahili. Wazungu wanabana matumizi, akasema, wanadhani sisi hatujui kitu kizuri. Kisha akaingia ndani kupokea simu ambayo sikuisikia ikilia.

Ubahili upo, sikatai. Dramu ni rahisi kutengeneza kuliko diski, na kiwanda kinachouza gari kwa watu wa hali ya chini hakitupi pesa mahali isipohitajika. Lakini nilimwambia Mkunga aulize kwa nini haihitajiki. Mtu anayekimbia akasimama ghafla huangukia mbele, haangukii kisogo. Gari nalo ni hivyo hivyo. Ukikanyaga breki, uzito wote unakimbilia mbele, pua inainama, mkia unabaki mwepesi. Gari dogo kama hili, injini iko mbele, nyuma kuna kiti na mkebe wa maji. Kazi karibu yote ya kusimamisha inafanywa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanasaidia tu. Ukiyapa nguvu nyingi yasiyoihitaji, yatakwama yenyewe, na gurudumu lililokwama kwenye barabara ya maji halisimamishi kitu, linateleza.

Halafu kuna hendibreki. Ndani ya dramu, ile sufuria ya chuma, mna viatu viwili vya breki vinavyotanuka na kushika ukuta wake. Kebo inavivuta moja kwa moja. Na gari likitaka kuserereka, lile gurudumu linalozunguka linavikokota viatu vijibane zaidi. Ndiyo maana gari la dramu likipaki mlimani linakaa. Diski kufanya kazi hiyo inataka mtambo wake wa ziada, na mtambo huo Fundi hakuufunga. Nilichungulia chini, amefunga waya tu.

Mkunga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza dramu hazina ubaya wowote? Nikamwambia zina. Kwenye mteremko mrefu zinapata moto zikachoka mapema, na maji yakiingia ndani yanachelewa kutoka. Akatikisa kichwa polepole, jinsi wanavyofanya hospitalini kabla ya kukuambia jambo baya.

"Sasa kwa nini mwalimu hujamwambia mdogo wako haya?"

Nimemwambia. Namwambia tangu akiwa na miaka sita. Kumwambia Mkurugenzi ni kumwagia maji bata mgongoni.

Jumapili, 17 Machi

Wifi yangu, mke wa Mkurugenzi, amekuja kunijulia hali. Amezungumzia maua ya kibarazani kwake tangu alipokaa mpaka alipoaga. Nilisinzia nikiwa macho wazi.

Jumatano, 20 Machi

Tumeanza mazoezi ya kuondokea mlimani. Huu ndio mtihani unaowaangusha watu: unasimama katikati ya kilima nyuma ya ofisi ya mkaguzi wa leseni, unavuta hendibreki, unaachia mguu, gari likae, kisha unaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo. Likirudi, umeanguka, nenda nyumbani.

Mkunga amesimama vizuri. Amevuta hendibreki mpaka mwisho. Ameachia mguu, na gari likaanza kurudi kama lina miadi huko chini. Nikakanyaga pedali yangu ya upande wa mwalimu. Tukarudia, likarudi tena. Kosa halikuwa lake. Sikumwambia. Nilitoka mvuani nikaweka kipande cha gogo nyuma ya gurudumu, nikarudi garini na viatu vimejaa tope, nikamwambia tuendelee.

Jioni nikamwambia Mkurugenzi hendibreki haishiki. Akasema diski mpya zinahitaji kuzoeana na gari. Nikamwangalia kutoka juu hadi chini. Mtu mzima, ana mke, ana tai, anasema diski zinazoeana na gari kama mkwe na mama mkwe. Tapeli huyu, nikawaza. Anawauzia watu rangi nyekundu na anajua anachofanya.

Gogo sasa linakaa kwenye buti.

Alhamisi, 28 Machi

Naandika kabla hata sijavua viatu, mwandiko wangu uvumilieni, yeyote atakayesoma.

Mvua ilikuwa nyepesi, ile inayofanya lami ing'ae. Tulikuwa tunashuka mteremko wa kuelekea soko, Mkunga kwenye usukani, mwendo wa kawaida kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hajaegemea breki, na nilikuwa nimeanza kumsifu moyoni. Mkokoteni ukatoka kwenye uchochoro, umebeba magunia, aliyeusukuma kichwa chini ya mfuko wa plastiki. Mkunga akakanyaga. Na mimi nikakanyaga ya kwangu, kwa miaka yangu yote ishirini na kitu ya kazi, kwa nguvu zote.

Nyuma ya gari kukaondoka. Sijui niseme vipi. Mbele tulikuwa tunapunguza mwendo, nyuma ilikuwa inatupita. Magurudumu ya nyuma yamekwama, gari linazunguka, nikaona ukuta wa duka, nikaona mkokoteni, nikaona tulikotoka. Mguu wangu ulikuwa umeganda kwenye pedali. Nilijua vizuri kabisa kwamba gurudumu likikwama unaachia breki. Nimewafundisha mamia ya watu hivyo. Nikaendelea kukandamiza, nimefumba macho kama mtoto.

Nikasikia sauti ya Mkunga, si ya juu, si ya haraka.

"Mwalimu, usisukume. Usisukume sasa. Pumua. Legeza mguu."

Nikalegeza. Wallahi nililegeza, kama vile nimelala kwenye kitanda chake cha kuzalishia. Magurudumu yakazunguka, usukani ukapata kazi, Mkunga akalielekeza gari taratibu mpaka ukingoni, likasimama limeangalia tulikotoka. Mwenye mkokoteni alikuwa ameshapita, hakuona chochote. Hakuna aliyeumia.

Tulikaa. Mkunga akaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha leo. Kisha akawasha gari, akaligeuza, akatupeleka shuleni, na mguu wake uligusa breki pale tu palipohitajika kuguswa.

Nimemwita mpole anayeudhi. Mjinga mimi. Yule si mpole, ni mtu ambaye ameshakaa na watu wanaopiga kelele za kufa na kupona, hana haja ya kuongeza ya kwake.

Ijumaa, 29 Machi

Mkurugenzi amesafiri kwenda mkutano wa wenye shule za udereva, harudi mpaka wiki ijayo iishe. Nimeenda moja kwa moja kwa Fundi. Nimemkuta anakunywa chai juu ya tairi. Nimemweleza yaliyotokea mteremkoni, akaitikia kila sentensi kama mtu anayeijua hadithi. Nikamuuliza, ulijua? Akasema diski zile ni za gari zito mara mbili, nyuma lazima zishike kupita kiasi. Hendibreki ya gari hilo zito ilikuwa na viatu vidogo vya ndani, hakuvipata, akafunga kebo upande mmoja kwa waya. Nikamuuliza tena, ulijua na ukafunga? Akasema mwenye gari ametaka, na mwenye gari hapingwi.

Nimekutana na wajinga wengi, na wajinga nawavumilia, ndio wanaonilisha. Lakini mtu anayejua, halafu anafunga waya na kuendelea na chai yake, huyo sina neno lake hata kwenye daftari.

Nikamuuliza viko wapi vitu vya zamani. Viatu, sahani na silinda ziko chini ya meza. Dramu zenyewe hazipo. Akasema wifi yako alikuja kuzichukua.

Jumamosi, 30 Machi

Kibarazani kwa wifi kuna dramu mbili. Amezipaka rangi ya bluu, amejaza udongo, amepanda maua. Tundu la katikati linatoa maji vizuri sana, akaniambia, kama fundi mwenyewe alikusudia.

Nikamwambia nazihitaji. Akacheka. Alipoona sicheki, akaweka mkono kiunoni. Alisema nyumba nzima imejaa vitu vya mume wake vya shule, kila kona koni za mazoezi na mabango, yeye amepata vitu viwili tu vya kwake na leo wifi anakuja kuving'oa. Akasema mimi nimemdharau tangu siku ya kwanza alipoolewa. Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo sikulijibu. Nikamweleza habari ya mteremko. Nikamweleza jinsi nyuma ya gari ilivyotupita.

Akaangalia maua yake. Kisha akaingia ndani akatoka na beseni, akayang'oa yeye mwenyewe, moja moja, akayapanga kwenye beseni na udongo wake. Akazimwagia dramu maji, akazifuta kwa kanga yake aliyojifunga, akanipa. Nikasema ahsante wifi. Sidhani kama nimewahi kumwambia neno hilo kabla ya leo.

Jumanne, 2 Aprili

Fundi amerudisha dramu. Nilikaa pale pale kwenye tairi lake mpaka bolti ya mwisho. Rangi ya bluu amepangusa ya ndani tu, ya nje imebaki. Ubavuni bado pameandikwa diski magurudumu yote manne, kwa herufi nyekundu.

Tumepanda kilimani, Mkunga akavuta hendibreki, akaachia mguu. Gari likakaa. Tukakaa nalo, tukisikiliza mvua juu ya paa. Nikashuka nikatupa gogo kwenye mtaro.

Jumatatu, 8 Aprili

Mkurugenzi amerudi. Ameendesha gari mwenyewe kwenda posta. Amerudi amefurahi, ananiambia: "Unaona dada linavyosimama sasa? Nilikwambia diski zitazoea."

Nilitoka nje kwanza.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kubwa, barabara ya chini imejaa maji. Nimemwambia Mkunga, ukivuka maji yanayofika katikati ya gurudumu, dramu zinalowana ndani na hazishiki. Weka mguu juu ya breki, kidogo tu, huku unaendelea kwenda, mpaka zipate joto zikauke. Akauliza kwa nini basi nilimgombeza mwezi mzima kwa kuegemea breki. Nikamwambia ni tofauti. Akaomba nimweleze tofauti. Nilipomaliza kueleza nikagundua hajawahi kuelezwa, wala na mimi, wala na wale wa shule ya kwanza. Alikuwa amegombezwa tu.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Presha juu.

Ijumaa, 26 Aprili

Mtihani.

Mkaguzi ni kijana mwenye mwavuli mzuri na uso wa mtu aliyelazimishwa kuamka. Amemwona Mkunga, akapekua karatasi, akasema, "Mama, wewe tena?" Mkunga akasema ndiyo, mimi tena. Mkaguzi akakaa kiti changu. Mimi nikabaki kwenye kibaraza cha nyuma cha ofisi yake, mahali unapoona barabara yote ya chini na kilima mpaka juu.

Usiku kucha ilikuwa imenyesha. Chini, mbele ya karakana ya seremala, barabara ilikuwa bwawa. Nikaliona gari likiingia majini taratibu, maji yakifika katikati ya magurudumu, likatoka upande wa pili. Na taa nyekundu za nyuma zikawaka. Hazikuzima. Gari likaendelea kwenda, taa zinawaka, likapita seremala, likapita kona, bado zinawaka. Nikasonya mpaka karani akageuka. Woga umemrudia, nikawaza, ameegemea breki mbele ya mkaguzi, kwisha kazi, wanawake wa ng'ambo watembee.

Nilikuwa nimeshageuka kwenda kutafuta mahali pa kukaa ndipo akili yangu nzito ikaamka. Alikuwa anazikausha.

Mimi niliyemwambia nilikuwa nimesahau. Kama ningekuwa mimi kwenye usukani, na mkaguzi ubavuni, ningepandisha kilima na dramu zilizolowa.

Chini ya kilima taa zikazima. Gari likapanda, likasimama katikati. Taa zikawaka, zikazima, maana yake ameachia mguu na amebaki na hendibreki peke yake. Halikurudi. Nilikuwa nimeshika nguzo ya kibaraza. Likaondoka, likapanda, likapotea upande wa pili.

Waliporudi mkaguzi akaniuliza kama ndimi mwalimu. Akasema huyu mama ana tabia mbaya ya kuegemea breki, alitaka kumwangusha kwa hilo. Akamuuliza sababu, akajibiwa, akaona hajawahi kusikia jibu la namna hiyo, akampitisha. Alisema haya kwa uso uleule wa usingizi, akafungua mwavuli akaondoka. Mkunga alikaa kwenye benchi la ofisi, akavua viatu, akalia kidogo, akavivaa tena.

Jumapili, 28 Aprili

Mkurugenzi amebandika picha ya Mkunga dirishani: AMEFAULU KWA DISKI. Watu wapya watatu wamejiandikisha. Wanaanza Jumatatu, tarehe 6 Mei.

Alhamisi, 2 Mei

Mkurugenzi amejua. Aliuliza nyumbani maua yamehamia beseni kwa nini, na wifi si mtu wa kuzunguka maneno.

Nilijiandaa kwa kelele, hata dawa nilimeza mapema. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti chake cha ofisi, ameshika kadi zake, ameumia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Akasema nimemfanya mwongo. Ameandika diski mlangoni, ameandika diski dirishani, watu wamejiandikisha kwa neno lake, na kumbe gari lina dramu. "Mimi siwezi kudanganya watu, dada," akasema. Ameshamwambia Fundi arudishe diski kesho.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hawezi kudanganya watu!

Jumamosi, 4 Mei

Diski zimerudi. Fundi hakuniangalia usoni.

Mchana Mkunga amepita na gari la hospitali. Alikuwa anatoka ng'ambo, tope mpaka kwenye vioo. Amenishukuru kwa ufupi, kama watu wenye kazi wanavyoshukuru. Akaliona gari letu, akaona nyuma hakuna bluu, akaelewa bila kuambiwa. Nikaanza kumweleza ujinga wa Mkurugenzi, na nilikuwa naueleza vizuri, ninayo maneno yake yote humu. Akanikatiza. Hajawahi kunikatiza.

"Nani anaanza Jumatatu?"

Nikamwambia wapya watatu, mmoja ana mtoto mgongoni.

"Mwalimu, ulijua tangu siku ya kwanza nilipokaa mle. Ukaniwekea gogo. Hawa nao utawawekea gogo?"

Akapanda gari lake akaondoka. Sijala.

Jumapili, 5 Mei

Nilikuwa na mpango. Nauandika kama ulivyokuwa.

Nilimwambia Mkurugenzi twende kilimani, nimeamua kumpa nafasi ya kunionyesha diski zake kabla ya wanafunzi. Alikuja mbio, amevaa tai Jumapili. Manyunyu, kilima kizima hakina mtu. Nikaendesha mimi. Nikasimamisha katikati, nikavuta hendibreki mpaka ikagoma, mguu wangu ukiwa bado juu ya breki. Nikamwambia ashuke asimame nyuma ya gari. Kama breki zako zinashika, simama, na mimi niachie mguu.

Nilichotaka ni akatae. Nilikuwa nimeshaandaa kicheko. Angesema viatu vitachafuka, angesema ana simu, na mimi ningekuwa na la kumwambia mpaka siku nitakayozikwa.

Akafungua mlango. "Nyuma wapi, hapa kwenye tairi?"

Nikamwona kwenye kioo. Akasimama miguu pamoja kwenye tope, akaweka tai sawa, akanipungia mkono niachie. Uso wake hauna hata chembe ya shaka. Alikuwa anatabasamu, ananionea huruma mimi, dada yake asiyeamini.

Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko siku ya mteremko. Miaka yote hii nimemwita tapeli. Nimemdharau kwa kosa ambalo hakulifanya. Hadanganyi mtu. Anaamini kila herufi aliyoiandika mlangoni, na kwa imani hiyo hiyo angewapandisha watu wote wa mtaa huu, na mimi ningemwacha, nikijiona mwenye akili kwa sababu nilikuwa nacheka.

"Achia, dada!" akapiga kelele. "Nimesimama!"

Mguu ulikataa. Nikasubiri, akasubiri, kisha akazunguka akarudi kukaa, mabega yamelowa, furaha tele.

"Umeona? Halikutikisika."

"Ni mguu wangu."

"Dada wewe hujui kushindwa."

"Ni mguu wangu. Funga mlango."

Nikaachia. Gari likatulia kidogo kama linafikiri, kisha likaanza kurudi, polepole, halafu si polepole. Hendibreki iko juu, hiyo hapo katikati yetu, aliitazama, akaishika kwa mikono miwili akaivuta, ikavutika bure. Nikaliacha lipite pale alipokuwa amesimama. Kisha nikakanyaga, mkia ukachepuka, tukasimama tumekaa upande barabarani.

Akashuka. Akapanda mpaka pale alipokuwa amesimama, na mimi nikamfuata. Alama za viatu vyake zilikuwepo kwenye tope, visigino tu, maana ndivyo vilivyokuwa vimezama. Sehemu nyingine zote za nyayo zilikuwa zimepitiwa na tairi, unaona mistari ya mpira ilivyozikata. Aliinama akaziangalia. Manyunyu yalikuwa yameanza kuzijaza maji.

"Dada," akasema.

Nikangoja, maana mdogo wangu hajawahi kuanza neno asilimalize kwa kumi. Hakukuja lingine. Nikamshika mkono nikamrudisha garini, na nikatushusha kwa gia ya kwanza njia nzima, bila kuzitegemea breki zile.